Siku Saba Nyumbani kwa Chemutai

Mama yangu mpendwa,

Mulembe! Miguu yako imepungua ule uvimbe? Na yule ng'ombe ameshazaa, ama bado anawazungusha? Mimi mwili hauna neno. Ila uliniuliza kwa simu mbona nimenyamaza wiki mbili, na mambo yenyewe si ya kusema kwa simu. Ndiyo maana nimeandika, nimpe jirani anayeshuka Bungoma Ijumaa.

Unamkumbuka Chemutai, tunayekamua naye ng'ombe hapa Kitale? Ndiye aliyenipokea nilipofika sijui mtu, akanipa blanketi yake moja. Mama, amefiwa na Chebet, binti yake wa pekee. Miaka sita tu. Homa ya siku mbili, na kabla ya wiki kwisha tulikuwa tumemzika kwao, kule juu mlimani.

Tuliporudi, Chemutai hakuongea. Hata kulia hakulia. Akina mama wa ushirika wa kanisa walikuja kumfariji. Mmoja akasema Mungu amechuma ua lake. Mwingine akauliza, ati labda kuna dhambi hajaungama. Chemutai alikuwa anakunja kitambaa chake cha kichwa, anakikunjua, anakikunja tena.

Nikakumbuka Ayubu, vile Baba alikuwa akitusomea. Wale rafiki zake walimkosea walipofungua mdomo, lakini kwanza waliketi naye chini siku saba bila neno. Baba alisema hapo ndipo walikuwa marafiki kweli. Basi nikaamua, nitaketi. Kila nikimaliza kukamua naenda kwake, tunapukuchua mahindi kimya. Namwekea uji, anywe asinywe.

Siku ya saba alikuta kiatu kimoja cha Chebet nyuma ya gunia. Akalia, Mama, mpaka nikaogopa. Ndipo akaingia Mama Rael, kiongozi wetu wa akina mama.

"Nyamaza, binti yangu. Ukilia hivyo unaonyesha huna imani."

Unajua mimi sijibizani na wakubwa. Lakini nilisimama katikati yao.

"Pole, Mama Rael, lakini Bwana Yesu alilia kwa kaburi la Lazaro. Na si alijua anaenda kumfufua? Hakuwa na imani?"

"Nekesa, leo wewe ndiye wa kunifundisha Biblia?"

"Hapana, Mama. Naomba tu umwache alie."

Nilijua ushirika nimeshaupoteza. Mama Rael aliniangalia, akaangalia kile kiatu. Kisha akaweka Biblia yake mezani, akaketi sakafuni karibu na Chemutai, akamshika mkono.

"Mimi nilizika wawili," akasema. "Nikakatazwa kulia."

Tukalia wote watatu, bila aibu, hadi ng'ombe wakaanza kulia wakidai kukamuliwa.

Jumapili iliyofuata Chemutai akaniambia mwenyewe, "Twende kanisani, lakini nisiambiwe niimbe." Tukaketi benchi la nyuma. Mama Rael akaacha kiti chake cha mbele, akaja kuketi upande wake wa pili. Wimbo ulipoanza, Chemutai alifunga mdomo. Mimi nikaimba kwa nguvu, sehemu yangu na yake.

Sasa Mama, naomba usinikasirikie. Pasaka sitakuja. Najua mlinitarajia, na kuku najua ulishamchagua. Lakini watu wakienda makwao kusherehekea, Chemutai atabaki peke yake katika nyumba ile, na hilo mimi sitalikubali. Nimemwambia nitakaa, na nitakaa.

Nisalimie Baba, mwambie bado anatufundisha. Msalimie dada Nafula na wanawe, shangazi wa Ndalu, na mjomba fundi wa baiskeli hapo Myanga. Mtuombee, mumtaje Chemutai kwa jina lake. Na kama kuna atakayeuliza mbona sikuja, mwambie niko kwa rafiki yangu.

Ni mimi binti yako,
Nekesa