Mstari wa Unga juu ya Panga la Baba

Kehancha,
Jumamosi asubuhi

Mdogo wangu Otieno,

Nakusalimu wewe na wote walio nyumbani Mbita. Mkono wako wa kulia unaendeleaje? Uvimbe umepungua, au bado unashika kikombe kwa mkono wa kushoto? Nijibu bila kuficha. Mimi ni mzima. Vumbi la ghala la tumbaku ninalosimamia tangu nistaafu ualimu hunikohoza kidogo tu.

Uliponiletea panga la marehemu baba, ulisema linakuumiza kila unapopasua kuni za kukaushia samaki, na kwamba heri liuzwe kama chuma chakavu. Nilikujibu kwamba mkono wako ni mlegevu. Sasa nikueleze niliyoyaona.

Nililipeleka kwa Mzee Chacha, mhunzi wa hapa, alinoe, nikamweleza linavyokuumiza. Makali hakuyagusa. Kwanza alichukua sime yake, ule upanga wa makali mawili, akailaza juu ya kamba mbili za katani, akainyunyizia unga wa wimbi, kisha akaigonga kwa kijiti. Unga ulirukaruka, ukakimbia, ukajipanga mistari miwili: mmoja pale mpini unapoanzia, mwingine upande wa ncha. Kwingine kote chuma kikabaki kitupu. Nilifundisha shule miaka mingi, lakini nilisahau hata kukaa.

"Penye mstari chuma hakitetemeki," alisema. "Shika hapa, kata hapa, nguvu yote inaingia kwenye mti. Ukikosea, inakurudia mkononi."

Tulipolijaribu panga la baba, mstari wa mbele ulitokea. Wa nyuma haukuonekana. Alipapasa, akasema umevutwa na uzito hadi mwisho kabisa wa mpini, nyuma ya kiganja.

"Bomba hili la chuma nani alilichomelea?"

"Mimi, mpini wa mti ulipooza."

"Mwalimu, ulikuwa umekosana na ndugu yako?"

Wateja wake walicheka. Mimi sikucheka. Bomba lilikuwa limevuta uzito wote nyuma, mbele pakakosa uzito wa kuzama kwenye kuni. Ukalazimika kupiga kwa nguvu zaidi, na kila pigo likakurudia.

Alilikata bomba, akatia mpini wa mti, akanipa nipasue gogo la mgunga. Panga liliingia hadi katikati, na kiganja changu hakikuhisi lolote. Nilikitazama kwa muda mrefu, kama kiganja cha mtu mwingine.

Panga utaletewa na mchungaji wa kanisa letu, anakuja huko Jumanne. Usilitumie kabla uvimbe haujaisha. Nimetia alama ya wino mahali pa kukatia.

Msalimie shemeji yangu, mkeo. Msalimie pia dada yetu aliyeolewa Rusinga. Na mama mdogo, ambaye macho yanamsumbua.

Nilikuita mlegevu mbele ya mkeo. Kosa lilikuwa langu. Msomee barua hii yote, kwa sauti.

Ni mimi kaka yako,
Ochieng'