Kioo Cheusi kwenye Barabara ya Kulamawe

Jumatatu, 6 Julai

Ninaandika kwa sababu moja. Mradi wa afya ya mifugo umenikabidhi pikipiki kwa mwezi huu wa majaribio. Mwezi ukiisha, itaamuliwa iwapo nitakuwa afisa wa nyanjani wa Kulamawe au nitarudishwa kwenye kompyuta kuingiza takwimu za wengine. Nafasi ni moja. Nahitaji mahali pa kusema ukweli pasiposomwa na mwajiri.

Leo: kutoka Burat, kwa mama, hadi ofisini, kutoka ofisini hadi kisimani, kisha nyumbani. Upepo wa Julai. Vumbi. Helmeti niliyopewa ni imara, ila kioo chake kimechubuka hadi kinafanana na mfuko wa nailoni. Jua likipiga kutoka mbele, kila mchubuko unawaka na barabara inapotea. Aliyekitumia kabla yangu alikipangusa kikavu kwa mkono wa shati. Michubuko yote imepinda upande mmoja, kama alama za ufagio uani.

Nitanunua kingine. Afisa hawezi kufika mbele ya watu akiwa amekunja uso kama aliyeuma ndimu.

Jumanne, 7 Julai

Duka la spea la Abdi. Vioo vinavyoingia kwenye helmeti yangu ni vya aina tatu: cheupe, cha rangi ya moshi, na cheusi chenye mng'ao wa dhahabu kwa nje, ambacho anayekutazama hujiona yeye mwenyewe. Nilivikagua kimoja kimoja. Nilivishika mbali na uso nikatazama nguzo ya stima kupitia kwenye kioo. Nguzo ikipinda, kioo hakifai. Nilijaribu vishikizo vya pembeni. Niliuliza kama vina alama ya ubora.

"Sista, alama ni hii uso yangu," akasema Abdi. "Ikivunjika, kuja unipige."

Kwa hoja za kitaalamu, nilipaswa kuchukua cheupe. Nikajijengea hoja nyingine: Kulamawe iko mashariki, asubuhi naenda nikilitazama jua na jioni narudi nikilitazama. Ni hoja ya kweli. Si ndiyo iliyonishawishi. Nilijiona kwenye dirisha la duka nikiwa nimevaa cheusi, nikaonekana mtu wa maana.

"Hapo sasa! Polisi watakupigia saluti wakidhani ni mkubwa wao."

Nimechukua cheusi.

Alhamisi, 9 Julai

Kulamawe kwa mara ya kwanza peke yangu. Jua mbele, macho yametulia. Niliona kila jiwe. Kioo kimefanya kazi yake kikamilifu na ninaandika hivyo bila aibu.

Nilihesabu mifugo wagonjwa, nikachukua sampuli, nikajibu maswali ya wazee kwa Kiswahili sanifu. Watoto walisogea karibu wakawa wanajitazama kwenye kioo, wanatoa ndimi. Sikukiinua upesi. Nilipenda kutazamwa namna ile.

Ijumaa, 10 Julai

Niliosha kioo nje ya ofisi. Waendesha bodaboda wa hapo walikuja kunifundisha. Mmoja aliapa kwamba petroli hutoa kila uchafu. Mwingine: dawa ya meno, na kitambaa kikavu. Walibishana kwa uhakika wa mahakimu. Nilileta kile kioo cha zamani nikakigawa nusu kwa nusu.

Nusu ya petroli: imekuwa nyeupe kama maji yaliyotiwa maziwa, na ukingoni imepasuka nyufa ndogo. Nusu ya dawa ya meno: inang'aa, michubuko iko palepale, na sasa ina ukungu juu yake.

Njia yangu: kukilaza kivulini na kukifunika kwa kitambaa kilicholoa hadi vumbi na wadudu walegee. Kumwagia maji bila kugusa. Povu jepesi la sabuni ya kuogea, vidole vitupu. Maji tena. Kukikausha kwa kukibonyeza na fulana kuukuu ya pamba, bila kusugua. Vumbi la hapa ni mchanga. Ukisugua mchanga, umepiga msasa.

"Madam anaogesha mtoto," wakasema. "Mpake mafuta pia!"

Bwana Mutuma, msimamizi wetu, alipita akaona. Akasema uangalifu wa namna hiyo ndio anaoutaka nyanjani. Kisha akanipa habari: Alhamisi tarehe 23, saa tatu asubuhi, wageni wa wafadhili watafika, na mimi ndiye nitakayewasilisha habari za Kulamawe. Baada ya hapo atatangaza mwenye nafasi.

Nilifurahi siku nzima. Sikumwonyesha mtu.

Jumatatu, 13 Julai

Nimeua mbuzi.

Kazi ilichelewa kwisha. Nilirudi nikilitazama jua, kioo kikanisaidia kama asubuhi. Kisha jua likashuka nyuma ya milima, na kioo kilekile kikawa ukuta. Nilikiinua: vumbi na wadudu machoni, machozi. Nikakishusha. Nilipunguza mwendo, lakini si vya kutosha. Kundi lilikuwa linavuka. Niliona kivuli, kisha nikahisi pigo.

Mbuzi jike. Alikuwa na mimba. Alikufa palepale.

Mwenye mbuzi alitoka vichakani na fimbo yake. Mama mtu mzima, ushungi wa bluu. Nilitoa salaam nikiwa juu ya pikipiki, injini inanguruma.

"Nani iko ndani?" akauliza. "Fungua nione wewe."

Sikufungua. Nilikuwa ninalia. Nilidhani afisa haonekani akilia. Nilimpa kadi yangu ya kazi nikasema, "Ofisi itawasiliana nawe." Maneno hayo hasa. Nikaondoka.

Kadi ilikuwa na nembo ya mradi. Niliiona mkononi mwake kwenye kioo cha pembeni cha pikipiki. Hakuwa akiitazama. Alikuwa ananitazama mimi.

Jumanne, 14 Julai

Nimemwarifu Bwana Mutuma. Mnyama aliingia barabarani ghafla. Mwanga ulikuwa hafifu. Mwendo ulikuwa wa wastani. Mhusika amepewa mawasiliano. Kila sentensi ni kweli. Zikiwa pamoja ni uongo.

Aliniuliza kama niliongea na mwenyewe. Nilisema ndiyo.

Alhamisi, 16 Julai

Guyo, mwenzangu ambaye pia ameomba nafasi ya Kulamawe, alipeleka chanjo huko leo. Amerudi na masanduku yake yakiwa yamejaa. Hakuna aliyeleta mbuzi hata mmoja. Naibu wa chifu aliwasihi. Walimjibu kwamba kwanza aletwe yule aliyeua akakimbia. Mwenye mbuzi anaitwa Mama Tume, na maneno yake yanasikilizwa.

"Akiru, huko hauna jina," Guyo akaniambia. "Unaitwa Kioo. Watoto wamefanya mchezo. Mmoja anafunika uso na sufuria, wengine wanakuwa mbuzi."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Simlaumu. Mimi pia ningecheka.

Bwana Mutuma aliniita. Hakupandisha sauti, ingekuwa afadhali apandishe. Chanjo ina muda wake, alisema, na homa ya mbuzi haisubiri. Lile jambo ni langu kulimaliza. Nisipolimaliza, hawezi kumpa Kulamawe mtu ambaye Kulamawe haimtaki.

Sikuhitaji kuelezwa desturi. Sisi ni Waturkana, mama yangu ana mbuzi Burat, na jambo hili ni moja kwa Waborana wa Kulamawe na kwetu. Ukiua mnyama wa mtu, unashuka. Unaonyesha uso. Unasema wewe ni mtoto wa nani. Mambo ya fidia huja baadaye, na huja taratibu, pamoja na chai. Anayeua akaonyesha uso ni jirani aliyepata bahati mbaya. Anayeua akauficha ni fisi.

Nililijua hili tangu nikiwa mtoto. Nililijua nikiwa juu ya pikipiki.

Jumamosi, 18 Julai

Kwa Abdi, kununua kioo cheupe.

"Madam, saluti zimeisha?"

"Zimeisha, Abdi."

"Pole. Hii nayo utaonekana hadi ukipiga miayo."

Nilikikagua kama kile cha kwanza. Nguzo ya stima haikupinda.

Jumapili, 19 Julai

Burat. Nimemwambia mama. Alikuwa anachambua maharagwe na hakuacha.

"Ulimwambia wewe ni mtoto ya nani?"

"Hapana."

"Basi yeye hajajua nani ameua mbuzi yake."

Nilikaa uani nikabadilisha kioo. Unakiinua hadi juu kabisa, unabonyeza kishikizo cha kulia, kisha cha kushoto, hutumii nguvu. Cheusi kimetoka bila mchubuko hata mmoja. Kilitunzwa vizuri. Jambo hilo halinifariji.

Sitakitupa. Saa za mchana kinafaa, na mtu mwenye busara angekibeba mfukoni pamoja na cheupe na kubadilisha kabla ya jioni. Nami sikuwa na busara hiyo. Nilikuwa na kimoja, na nilikuwa na sura ya kulinda.

Jumatatu, 20 Julai

Nimemwambia Bwana Mutuma ukweli. Kwamba sikushuka. Kwamba sikufungua kioo. Kwamba nilikuwa ninalia. Akampigia naibu wa chifu, naye akampa Mama Tume simu. Bwana Mutuma akaniwekea yake mkononi akatoka nje.

Nilitoa salaam. Akaitikia kikamilifu, hilo lilinishtua. Nilisema: mimi ni Akiru, mtoto wa Mama Ekai wa Burat, mimi ndiye niliyemuua mbuzi wako.

Nilisikia kundi lake kwenye simu.

"Kumbe ni msichana," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilifikiri ni mwanaume. Nilisema, mwanaume gani huyu anaogopa mama mzee?" Akamwambia mtu kitu kwa Kiborana; huyo mtu akacheka. "Sikia. Alhamisi kuja. Saa tatu. Mbuzi inakuwa imekamuliwa, haijaenda maji."

Alhamisi, saa tatu. Saa ya wageni. Niliomba iwe Jumatano.

"Jumatano iko harusi ya mtoto ya dada yangu."

Ijumaa?

"Ijumaa tunahama, tunafuata majani." Kisha, bila ukali wowote: "Wewe ndio umeua. Mimi ndio nasema siku."

Nilisema nitafika. Sikufikiri kwanza. Nilifikiri baadaye, na bado nikaona ni sawa.

Bwana Mutuma amesema wageni hawawezi kuahirishwa. Guyo atawasilisha badala yangu. Aliniambia kwa uwazi, na ninamshukuru kwa uwazi huo: wageni wakimwona Guyo, watamkumbuka Guyo, na yeye hataweza kuniahidi nafasi. Nilimwambia nimeelewa. Nimeelewa. Ninaumia.

Jumanne, 21 Julai

Nimempa Guyo maandalizi yangu yote ya Kulamawe. Kila kitu, hata picha. Shetani alinishawishi nibakize yale mazuri. Nilikaa naye hadi akaweza kueleza mwenyewe kwa nini mbuzi wa kule hukohoa zaidi baada ya kuhama. Anaeleza vizuri. Ana sauti ya kusikilizwa.

"Ingekuwa wewe, ungeenda lini?" nikamuuliza.

"Kwa nani? Mama Tume?" Akatikisa kichwa. "Mimi ningeshuka pale pale."

Nilistahili.

Jumatano, 22 Julai

Siku ya kazi za ofisini. Nimeingiza takwimu za wengine. Mikono inaikumbuka kazi hiyo, huenda itairudia.

Jioni nimenunua sukari na majani ya chai, na kitenge kwa sababu mama amesema hivyo. Nimezungumza na naibu wa chifu. Atakuwepo, na wazee wawili. Ameniambia nisianze mimi kutaja fidia. Nilimwambia ninajua.

Njia: nitaondoka saa kumi na mbili, kabla jua halijainuka. Likiinuka litakuwa usoni, na kwa kioo cheupe nitalazimika kwenda polepole, huenda kusimama kabisa mahali fulani hadi lipande. Nimeliwekea hilo muda. Kioo nimekiosha, kimekauka, kiko juu ya kabati.

Sijui watasema nini. Huenda chanjo itapokelewa na mimi nisipokelewe. Hilo nalo litakuwa jibu. Mbuzi watakuwa wamechanjwa.

Kesho, Alhamisi, saa tatu asubuhi. Nyumbani kwa Mama Tume, Kulamawe.