Kondoo wa Tarehe Tisa

Efri-Grávík,
Jumapili, 10 Septemba

Mpendwa Shangazi Ingveldur,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu, ambako mvua imetupumzisha siku ya tatu sasa, nami bado nina furaha tele. Hujambo, shangazi? Goti lako je? Na yale mazoezi ya kuogelea aliyokuandikia daktari, unayafanya, au unamdanganya kama ulivyokuwa ukimdanganya bibi? Sisi wazima. Baba anakohoa kidogo, lakini hakohoi mbele ya mama, asije akapewa mafuta ya samaki.

Sasa kaa vizuri nikupe habari. Unajua kwamba tangu mwezi wa sita najifunza kutengeneza kurasa za mtandao na kuchapisha habari, mimi na Bergur wa dukani, katika chumba cha nyuma cha shule ya zamani. Mwalimu wetu ni Steinunn, mwandishi wa habari wa miaka mingi kutoka mji wa Akureyri, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia farasi. Gazeti letu la karatasi lilikufa siku mashine yake ya kuchapia ilipokufa, na sisi wawili ndio tunaolifufua kwenye simu za watu.

Steinunn hana mchezo. Ukurasa wangu wa kwanza niliupaka rangi ya barafu, nikauandika kwa herufi za kijivu, nikajiona fundi. Akanitoa nje juani, akaniambia nisome. Sikuona hata jina langu! Siku nyingine akatuvalisha glavu za sufu, upepo unavuma, akatuamuru tubonyeze vitufe vyetu wenyewe. Bergur alitaka kufungua habari za bandari, akafungua picha ya mbwa wake.

"Msomaji wenu yuko kwenye trekta, hayuko mezani," akasema. "Kuzeni hivyo vitufe!"

Tangu siku hiyo vitufe vyangu ni vikubwa kama biskuti.

Ambalo sikukuambia, shangazi, ni hofu yangu. Chumba tumepewa na chama cha wafugaji, na mwenyekiti wao, Bi Gróa, alituwekea mpaka: ikifika siku ya kuteremsha kondoo kutoka malisho ya mlimani na hakuna anayetusoma, chumba kinarudi kuwa stoo ya sufu. Nami ningekwenda kusini kutandika vitanda vya watalii, kazi ambayo mjomba alikwisha kunitafutia. Kila asubuhi nilitazama idadi ya wasomaji. Tisa. Kumi. Tisa tena. Na humo uko wewe, yuko mama, na mimi mwenyewe mara nne. Mzee Eyvindur wa ng'ambo ya mto alinipasulia dukani mbele ya watu: "Gazeti lisiloweza kufungia samaki si gazeti, binti. Huko mimi hunioni." Nilicheka, lakini iliniuma.

Basi Jumatano nilikuwa naandaa ukurasa wa matangazo. Steinunn alishatufundisha kwamba ukurasa wa majaribio hujazwa maneno ya ovyo, ili hata ukiponyoka asipatikane wa kuuamini. Lakini unanijua, maneno ya ovyo yananikera. Nikaandika tangazo zuri, limenyooka: kondoo watateremshwa Jumamosi tarehe tisa, watu wakutane kwenye zizi kubwa saa mbili asubuhi. Tarehe yenyewe niliitoa kichwani tu, maana chama kilikuwa hakijatangaza siku. Kisha, badala ya kubonyeza "hifadhi", nikabonyeza "chapisha", nikaenda kunywa kahawa yangu bila habari, na siku zilizofuata, kwa hofu, sikutazama hata idadi ya wasomaji.

Jana asubuhi nikasikia kwato. Kuchungulia dirishani, farasi kumi na wanne wanapita kwa mstari. Baba akaanza kutafuta buti zake. "Kumbe ni leo? Mbona hukutuambia?" Nikalikumbuka tangazo langu, nikatoka mbio.

Zizini nilikuta watu zaidi ya arobaini, mbwa wasiohesabika, vikapu vya mikate bapa na nyama ya kondoo ya moshi. Na wa mbele kabisa, juu ya farasi wake mwekundu, nani? Mzee Eyvindur.

"Nani kakuambia ni leo, mzee?"

Akautazama mlima. "Nilikuwa napita tu."

Anapita tu, na chakula cha siku nzima na mbwa watatu!

Mara trekta ya Bi Gróa ikafika, na mwenyewe amefura. "Nani kawaita hawa? Chama kimepanga tarehe kumi na sita!" Bergur akaninong'oneza, "Futa. Bonyeza mara mbili limepotea. Watajiona walisoma vibaya." Shangazi, sikufichi, kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Lakini Steinunn ana sheria moja asiyoilegeza: kosa husahihishwa palepale lilipotendeka, na mwenye kosa aonekane. Nikaandika papo hapo, glavu mkononi: "Sahihisho. Tangazo hili lilikuwa la majaribio, na tarehe tisa ilikuwa ya kubuni. Siku halisi ni Jumamosi tarehe 16. Kosa ni langu. Sunneva Ketilsdóttir." Nikachapisha, nikapanda juu ya uzio. "Ni mimi!" nikapaza sauti. "Naombeni radhi. Someni sahihisho."

Watu wakaanza kupapasa mifukoni. Simu zikatoka, shangazi, simu arobaini, kwenye makoti, kwenye mikoba ya matandiko, kila mahali! Mzee Eyvindur akachomoa yake kutoka ndani ya soksi ya sufu, akaishika mbali na macho.

"Herufi zinasomeka," akanung'unika. "Tarehe ndiyo ovyo."

Bi Gróa ndiye aliyeanza kucheka. "Miaka kumi na moja nabandika karatasi mlangoni mwa duka, na hawajawahi kufika kwa wakati hata nusu yao! Chumba chukueni. Ila kila tangazo nilione mimi kwanza."

Tukala pale pale, kondoo wakitutazama kutoka mlimani. Nilipompigia Steinunn kumsimulia, aliuliza jambo moja tu: sahihisho nimeliweka juu au chini? Juu, nikasema. "Basi endelea na kazi." Mjomba naye nimemwambia atafute mtandika vitanda mwingine.

Msalimie sana mumeo, Bwana Douglas, na watoto wote wawili, Páll na Kristín. Mama anasema usisahau kuandika habari za goti. Mungu akuweke salama huko Halifax, na akurudishe kwetu ukiwa unatembea bila fimbo.

Kijiji chetu cha Grávík kina watu mia moja na tisini, pamoja na kichanga cha juzi. Leo mchana sahihisho langu lilikuwa limesomwa mara mia tatu na sita. Jina langu liko pale juu na kosa langu, na sitaliondoa.

Ni mimi, binti wa kaka yako, akupendaye daima,

Sunneva