Bomba Lililozungushwa Kaburi

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo fundi wetu Yona anaitwa ofisini kufukuzwa kazi, na mimi ndiye ninayejua ukweli.

Mimi ni mhandisi, nakaa Njiro, na mradi wa maji wa kijiji cha Akheri niliujenga wote kwanza kwenye kompyuta, chemchemi, matangi, mabomba hadi koki ya mwisho, modeli inayoonyesha maji yanakopita na yanakofika, na bosi wetu Ludovick akaisifu mbele ya wafadhili, lakini wakati wa kuchimba Yona akakuta mchoro wangu unapita katikati ya migomba ya Mama Aikande, juu kabisa ya kaburi la mumewe, akanipigia simu akasema, "Injinia, hapa amelala mzee wa watu, nazungusha bomba kule juu," nami nikamjibu zungusha tu, modeli nitairekebisha baadaye, na hiyo baadaye haikufika, sasa maji hayapandi, kaya arobaini zimerudi kuchota kwenye mfereji wa mashambani, na bosi kila akifungua kompyuta anaona maji yanafika, kwa hiyo kosa ni la Yona.

Kinachonichoma zaidi, wiki ijayo nimealikwa kwenye mkutano wa wahandisi kueleza kazi yetu ya modeli inahitaji utafiti gani, na nimeandika kurasa ishirini za kudai kompyuta zenye nguvu zaidi. Nikisema ukweli nitaonekana mzembe. Nifanye nini?

Mhandisi, Njiro

Marahaba, mwanangu. Nakuonea huruma, ila kidogo. Nyingine namwekea Mama Aikande na ndoo yake.

Unaogopa kuonekana mzembe, na mzembe ulikuwa. Yona aliheshimu kaburi na akatoa taarifa. Wewe uliikalia, na sasa unaacha mtu apoteze ugali wa wanawe ili picha yako ibaki nzuri. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Usingoje Ijumaa. Kesho asubuhi mpeleke Ludovick Akheri, afungue koki kwa mkono wake, halafu umwambie hapo hapo habari ya ile simu. Atakufokea. Mwache afoke.

Zile kurasa ishirini tupa. Waulize wenzako swali moja: ni simu ngapi za mafundi hupotea njiani kati ya mtaro na kompyuta, na kwa nini? Huo ndio utafiti mnaouhitaji, na mnaukwepa kwa kuwa utawataja ninyi wenyewe kwa majina.

Ukirudi ofisini, lichore lile kaburi kwenye modeli yako. Pembeni andika jina la aliyeliona, na tarehe aliyokupigia.