Ukuta wa Kocha Mskoti

Mpwa wangu Zuhura,

Pokea salamu za mjomba wako, mtu ambaye asipofika hapa uwanjani Midrand timu ya soka haifanyi mazoezi, maana funguo za geti ninazo mimi.

Kocha wetu ni Mskoti, beki wa zamani aliyestaafishwa na goti. Jana ukuta wa kuzuia faulo ulipungukiwa mtu, akaniita: "Mzee, umewahi kucheza?"

"Kigoma nzima inanijua," nikamjibu.

"Basi simama hapa. Usipokwepa, nakutoa getini nakupa stoo ya jezi."

Eish, nikatanua kifua ndani ya sare yangu ya ulinzi.

Mwambie mama yako nawapenda wote, na kwamba nimebaki getini kwa vile kocha haamini mlinzi mwingine. Wewe tu ujue: mpira ulipita juu sana, ila mimi nilishalala chini kabla haujapigwa.

Mjomba Hamisi