Mifuko ya Kivuko cha Murhula

Jumatatu, 10 Novemba

Kazi imepatikana! Sajenti Libère ameniletea mifuko ya mchele iliyopasuka, niishone, wakaijaze mchanga kando ya Ruzizi. Anasema mto ni ukuta tosha, ila una milango: pale maji yanapopungua, adui anavuka kwa miguu. Hapo ndipo wanachimba mahandaki. Nikauliza, na sisi tunaovuka kwa ndugu? Akacheka. "Mama Anouar, vita haichague mutu."

Nimeshona mpaka magharibi. Mama yangu mgonjwa amekataa uji.

Jumatano, 12 Novemba

Mama hali mbaya. Daktari ameongea kwa upole mno — daktari akiwa mpole, ujue.

Mama ana ombi moja: akifa, aoshwe na Fatouma. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Sange, ng'ambo kule Kongo. Ndiye aliyemwosha bibi. Na mimi niliyemuuguza mwaka mzima? Nimeumia.

Nimempigia Fatouma. Barabara ya mpakani imefungwa, atapita kwa Murhula mwenye mtumbwi, kama siku zote.

Ijumaa, 14 Novemba

Mama ametutoka alfajiri. Inna lillahi. Nyumba imejaa watu na mimi naona tupu.

Maiti hailazwi. Sheikh Mohamadi alitaka tuzike baada ya sala ya Ijumaa. Nimemwomba tungoje alasiri. Wajomba wamenuna.

Fatouma amepiga, yuko ukingoni, ng'ambo. "Khadidja, mutumbwi wa Murhula wameutoboa. Upande wenu kuko seng'enge, kuko mifuko ya muchanga mpaka juu. Askari anasema nikiingia mu maji atapiga."

Mifuko yangu! Nimeishona vizuri, Mungu wangu, haitapasuka.

Nimempigia Libère, nimelia bila haya. Hakunifokea. "Nikimufungulia dada yako, nani nitamukatalia? Pole sana, mama." Na nikiwafikiria watoto wa mtaa huu anaowalinda, siwezi hata kumchukia.

Adhana ya alasiri imetoka. Maji yamepashwa moto, pazia limefungwa. Fatouma hajaondoka ukingoni. Amesema, "Weka simu karibu na kichwa chake. Mi nitasema, we utaosha. Utaanza kuume." Nasikia askari wa upande wetu anampigia kelele, anamfukuza. Hasogei.

Wanawake wananiita. Naandika nimesimama mlangoni, simu sikioni. Fatouma anauliza kama nimeshamvua mama hereni.

Bado. Naogopa kumuumiza.