Udongo wa Timboroa Ghorofa ya Tatu

Jumanne, 8 Oktoba 2024

Joyline, huo si udongo! Nimemwambia hivyo mbele ya mafundi wake wote, na kesho nitarudia. Msichana amesoma mimea mpaka chuo kikuu, halafu ananijazia masanduku ya balkoni maganda ya mpunga na vijiwe vyepesi kama popcorn. Ukipuliza vinaruka. Nikamuuliza, kwenu mnapanda mboga kwa pamba? Akacheka. Ati Shosho — ndivyo anavyoniita, bibi — tulia, lazima udongo uwe mwepesi. Lazima kwa nani?

Hii fleti yote wanataka kuivisha majani, kutoka chini mpaka paa. Ati joto la mji litapungua, vumbi la malori ya barabara ya Kiplombe litashikwa, maji ya mvua hayatafurika tena getini. Sikatai. Tangu mwanangu Gerishon anitoe shamba Timboroa aniweke huku juu kama kuku wa mayai, jani bichi naliona kwa sufuria tu. Majani nayataka. Lakini majani yatakula nini?

Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Gerishon ameleta kabichi za soko kwa pikapu. Chini ya kabichi — magunia ya udongo wa shamba letu! Mweusi, mnono, unanukia mvua. Nilimwambia ni wa kupandia dania kidogo. Dania!

Oketch, yule anayetunza hii ploti yetu ya fleti, ndiye amebeba. Kila ngazi analia. Ati Mama, hii ni udongo ama ni maiti? Nikamwambia abebe, mdomo haubebi gunia.

Vile vitu vya Joyline tumevimwaga nyuma ya tanki. Masanduku yangu yote sasa yana udongo wa haki. Uliobaki nimejaza ndoo na beseni nikazipanga kando ya ukuta wa balkoni. Oketch ameapa hatasema. Nimempa kabichi mbili.

Jumapili, 19 Januari 2025

Balkoni yangu inashinda zote! Za wengine zina majani kama nywele za mgonjwa. Majani yangu yameshuka mpaka yakamfunika Selpha, jirani wa chini yangu, kama pazia. Mtoto wake Marvin alikuwa anakohoa vumbi usiku na mchana. Siku hizi Selpha anamlaza pale balkoni nyuma ya majani, na kifua kimetulia. Ndege nao wamekuja. Wadogo, wa manjano. Mabati ya jirani yanachoma macho, lakini huku kwetu kuna kivuli.

Leo baada ya kanisa Joyline amewaleta wenye ploti wa Kiplombe. Nao wanataka kuvisha nyumba zao. Akawasimamisha kwangu. Ati mnaona? Hata udongo mwepesi unaweza kufanya hivi.

Nilinyamaza. Kunyamaza si kudanganya.

Alhamisi, 10 Aprili 2025

Mvua sasa ni kila siku. Selpha amepanda kuniambia dari ya balkoni yake ina mstari. Kama uzi mweusi, Mama. Nikamwambia rangi za siku hizi ni maji matupu, asinisumbue.

Akashuka. Chai ikanishinda.

Jumatatu, 14 Aprili 2025

Uzi umefunguka. Sasa kucha inaingia.

Joyline alikuja, akatazama dari, akamgeukia Oketch. Ati unamwagilia ovyo, maji yanaingia kwa simiti, ukiendelea hivi nitamwambia mwenye nyumba. Oketch akanitazama. Mimi nikatazama ndege.

Injinia atakuja baada ya Pasaka, ndivyo Joyline alivyosema. Kwa sasa Oketch azibe na apake rangi. Oketch amepaka. Hajanisalimia.

Jumatano, 16 Aprili 2025

Mlango wa balkoni yangu haufungi. Jana ulifunga! Umekwama chini, kama sakafu imeteremka kidogo huko nje.

Nimezamisha mkono kwa sanduku mpaka kiwiko. Tope. Udongo wetu ndivyo ulivyo, ukinywa maji haurudishi. Aprili jembe likizama Timboroa linavutwa na watu wawili. Nimejisifia hilo maisha yangu yote. Na hapa nimeuning'iniza juu ya kichwa cha mtoto wa watu.

Nilishuka kwa Selpha. Nikamwambia mtoto asilale tena pale nje, kuna baridi. Akacheka sana. Ati Mama, si ni wewe ulisema baridi haijawahi kuua mtoto? Na ndani anakohoa.

Kweli nilisema. Nikapanda tena. Habari ya udongo sikuitaja.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili 2025



Asubuhi kipande cha dari kimeanguka kwa Selpha. Kikubwa kama chapati. Kimeanguka juu ya blanketi ya Marvin. Yeye alikuwa ameinuliwa muda mfupi tu, anapewa uji! Selpha alipanda na kipande mkononi, mtoto mgongoni. Alikiweka mezani kwangu, akasimama.

Nikampigia Joyline. Yuko Soy kwa wakwe. Nikasema, ni mimi. Ule udongo wako niliutupa. Nimeweka wa Timboroa.



Akauliza, masanduku mangapi? Yote, nikamwambia. Na ndoo. Na beseni. Ati Shosho! Kwa nini? Nikamwambia wacha kwa nini, sema tufanye nini! Hata hapo nilimfokea. Huu mdomo.

Amesema mtu asikanyage balkoni, yangu wala ya chini. Anakuja na injinia. Udongo usiongezwe hata tone la maji. Nikamwambia pia, Oketch hakumwagilia ovyo, asitajwe tena.

Selpha alisikia yote. Nilingoja anitukane. Aliniuliza tu kama majani yatakatwa, na Marvin atapumua wapi. Afadhali angenitukana.

Nimewapeleka kwa chumba cha Oketch kule getini.

Sasa ni saa nane mchana. Upande wa Kiplombe kumekuwa kweusi. Joyline hajafika. Gerishon yuko Timboroa na pikapu, na turubai la kabichi liko ndani ya hiyo pikapu.

Basi nailoni ya godoro langu itoke. Ile nimekataza watu kuigusa tangu godoro linunuliwe. Na mapazia ya Selpha ya plastiki ya bafu. Zishonwe pamoja kwa kamba ya gunia. Oketch apande paa, ateremshe kutoka juu, afunike masanduku yote, na mguu wa mtu usiguse pale. Nimeshamwita mara mbili. Bado ananijibu kwa kichwa tu. Sawa, anune akiwa paani.

Tone limegonga mabati ya jirani. Lingine.

Oketch! Beba nailoni upande paani — na unifungie kamba ya pili, nitaishika mimi!